Homa Moja, Koo Nyingi

Anayekwenda Hija kutoka Dar es Salaam huchomwa kwanza sindano ya kinga ya homa ya uti wa mgongo. Mahujaji wanaoishi Jangwani na Kariakoo huijua kwa cheti chake, maana bila cheti hakuna viza. Sindano hiyo hubeba herufi nne: A, C, W na Y. Wengi huzipita bila kuuliza. Mimi naomba tuzisimamie, kwa sababu ndani yake mna historia ya bakteria mmoja ambaye hakubali kubaki mmoja.

Bakteria huyo huitwa meningokoki. Haishi kwa mbuzi wala majini, na hatoki kwenye tope la mafuriko ya Mto Msimbazi. Makao yake duniani ni mwili wa binadamu tu, nyuma ya pua na kooni, na huhama kwa mate na makamasi ya watu waliosongamana. Wengi humbeba kwa wiki au miezi bila kuumwa chochote. Mara chache hupenya akaingia kwenye damu, akafika kwenye utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo. Hapo huja homa kali, shingo kukakamaa, macho kuogopa mwanga, na mtu aliyekuwa mzima asubuhi anaweza kufa kabla ya siku kuisha. Hata kwa matibabu, takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hufariki. Kifo hicho hakimfaidii bakteria hata kidogo: riziki yake iko kooni, katika kuhama kutoka mtu hadi mtu.

Ndani ya damu, askari wa mwili humla upesi asipokuwa na kinga. Kinga yake ni gamba la sukari. Yapo magamba ya aina 12, lakini karibu maradhi yote husababishwa na aina sita: A, B, C, W, X na Y. Chanjo nyingi huufundisha mwili kuitambua sukari ya gamba, basi. Aliyekingwa dhidi ya A bado yuko wazi mbele ya W.

Sasa tuingie ndani zaidi. Maelezo yote ya kumjenga meningokoki yameandikwa kwa herufi za kikemikali takriban milioni 2.2, zilizogawanyika katika jeni kama 2,000. Anapojigawa, makosa ya kunakili huleta tofauti ndogo ndogo. Lakini njia yake kubwa ya kubadilika ni nyingine: huokota vipande vya jeni vilivyoachwa na bakteria wenzake waliokufa, hasa wa jamii yake, akavishona kwenye jeni zake. Ni kama mnunuzi wa mitumba, anayevaa nguo iliyoachwa na mwingine na ikamkaa sawasawa. Na kwa kuwa gamba hutegemea jeni chache zilizokaa pamoja, ukoo uleule unaweza kuvua C ukavaa W.

Kwa hiyo herufi ya gamba haitoshi kumtambulisha. Mwaka 1998 Martin Maiden na wenzake walitangaza njia ya kusoma jeni sita, baadaye saba, zinazofanya kazi za kila siku za seli, zisizohusiana na gamba. Kila sura ya jeni hupewa namba, na namba saba kwa pamoja hutaja ukoo.

Koo hizi husafiri na watu. Mwaka 1987 ugonjwa wa gamba A ulizuka miongoni mwa mahujaji Makka. Miaka miwili baadaye Nairobi ilipata mlipuko wa gamba hilohilo, wagonjwa wapatao 3,800, na uchunguzi wa maabara uliwaweka bakteria wake katika ukoo wa Makka. Baada ya mlipuko wa Makka, Saudi Arabia ilidai chanjo ya A na C. Mwaka 2000 ukazuka kwa mahujaji ukoo wa 11, uliozoeleka kwa gamba C, safari hii umevaa W. Chanjo ile haikuwa na la kufanya. Mwaka 2002 W ikazuka Burkina Faso, wagonjwa takriban 13,000. Herufi nne za cheti zilitokana na milipuko hiyo ya mahujaji.

Chanjo ya A iliyoanza kutolewa mwaka 2010 imekaribia kulifuta gamba hilo Afrika, na hilo ni jambo kubwa mno. Waliobaki hawakulala. Pokot Magharibi, Kenya, X ilikuwa imeshaua mwaka 2005 na 2006, wakati huo haikuwa na chanjo. Niger mwaka 2015 iliugua C ya ukoo mpya, uliotokana na bakteria asiye na gamba aliyeokota jeni za gamba. Banalia, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, W iliua watu 205 mwaka 2021. Chanjo ya herufi tano, yenye X ndani, iliidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023.

Kujua ni gamba gani kunahitaji maji ya uti wa mgongo yachotwe kwa sindano na kufika maabara. Hapo ndipo pagumu: meningokoki hufa upesi nje ya mwili, na baridi ya friji humuua. Sampuli ikichelewa njiani, bakteria hataota tena. Jeni zake, hata hivyo, husomeka akiwa amekufa, na zikisomwa hutaja gamba lake na ukoo wake.