Mgongo wa Mchimbaji, Kadi ya Mwalimu: Mafunzo Niliyopata

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kahama. Mume wangu, Baba Kulwa, ni mchimbaji mdogo. Ameshuka maduarani, yaani kwenye mashimo ya dhahabu, tangu ujana, kwanza Mwime, baadaye Nyarugusu na Lwamgasa kule Geita. Mgongo ulipomshinda hata kuvaa viatu, tulianza kuzunguka na kadi yangu ya bima tukitafuta mikono ya kumtibu: ya kuchua, ya mazoezi, hadi sindano za Kichina. Nayaandika tuliyojifunza kwa sababu ukanda wetu wa dhahabu umejaa vijana wanaotembea wameshika kiuno, na wengi wao hawajui kipi bima inalipa na kipi hailipi.

1. Kadi ya mke inamfikia mume, haimfikii shemeji

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ukitangulia na watumishi wa umma. Mshahara wangu unakatwa asilimia 3 kila mwezi, na mwajiri anaongeza asilimia 3 nyingine. Makato hayo yananibeba mimi, mwenza wangu na wategemezi wengine wanne, yaani watoto au wazazi wa pande zetu mbili. Baba Kulwa anatibiwa kwa jasho la chaki, na sioni aibu kulisema hilo, wala yeye haoni.

Mdogo wake hana nafasi humo. Anaishi kwetu, anakula kwetu, anashuka duara lile lile, anavuta kamba ile ile. Siku kiuno chake kitakapogoma, ofisi ya bima itamuuliza yeye ni nani kwenye kadi hii, na jibu halitakuwepo.

2. Kuchua kunalipiwa kukiwa ndani ya mazoezi tiba

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Ukienda dirishani na kadi ukasema unataka kuchuliwa mgongo, utarudishwa. Katika huduma za NHIF kuna kumwona daktari, vipimo, dawa, upasuaji, kulazwa, meno, macho na miwani, na kuna fiziotherapia. Neno la kushika ni hilo la mwisho. Daktari akishakupima, akaandika tatizo lako na kukupeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, kazi yote ya mikono inayofanyika kwenye chumba kile inaingia kwenye bili inayokwenda moja kwa moja kwa Mfuko. Wewe hutoi hela mfukoni na kudai kurudishiwa baadaye.

Kwa hiyo tulianza kwa daktari. Tulimweleza maumivu yalianza lini, yanashuka mguu upi, ganzi inafika kidole kipi. Maelezo hayo ndiyo yaliyozaa karatasi ya kwenda mazoezini.

Mtaalamu alikuwa binti mdogo kwa umri, mwenye vidole vigumu kama vya mshona viatu. Alimlaza mume wangu kifudifudi, akapita na dole gumba pembeni mwa uti wa mgongo, pingili baada ya pingili, akimuuliza, “Hapa je, kaka? Na hapa?” Alipomaliza kulainisha misuli alimsimamisha, akamletea dumu la maji la lita 20 na kumwambia, “Hebu nionyeshe kiroba cha mawe unakibebaje.” Baba Kulwa akainama kwa kiuno, magoti yamenyooka, akalinyanyua dumu kwa kulipindisha upande, kama walivyofundishana wote maduarani. Binti akamshika mkono. “Basi, kaka. Usiendelee. Ugonjwa wako nimeshauona.”

Siku ile hakumchua tena. Alitumia muda wote uliobaki kumfundisha kuchuchumaa, kukumbatia mzigo karibu na tumbo, kugeuka kwa miguu badala ya kiuno, na kulala kifudifudi akijiinua polepole kwa viwiko. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikayaandika yote kwenye daftari la maandalio ya masomo. Ninaamini somo lile la dumu la maji lilimsaidia kuliko mafuta yote tuliyowahi kununua, na lililipwa na bima hadi senti ya mwisho.

Ila bima hailipi nauli. Ukitokea Nyarugusu au Mwakitolyo kufuata mazoezi hospitali ya mkoa, basi, bodaboda na chakula ni vyako. Mwombe mtaalamu akufundishe ya kufanya nyumbani, na uyafanye kweli.

3. Picha kwanza, mikono baadaye

Kijijini kwa mume wangu kuna babu anayechua. Ni mtu mwema, na simdharau. Amewanyoosha watu wengi waliotegua vifundo. Mama mkwe alitaka tuanzie kwake. Nilimwomba kwa heshima, “Mama, tupige picha ya mgongo kwanza, halafu babu tutamfuata.” Akakubali, ingawa shingo upande.

Sababu yangu ni kifua kikuu. Maduarani na kwenye makarasha, yaani mashine za kusaga mawe, watu wanavuta vumbi la mawe lenye silika mchana kutwa, na mapafu yaliyochoshwa na vumbi hilo hushikwa na TB kwa urahisi. Watu wengi wanaijua TB ya kukohoa. Kuna na ile inayokwenda kwenye mifupa, hasa ya uti wa mgongo, ambayo huanza kama maumivu ya kawaida ya mgongo, ikifuatana na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Mgongo wa namna hiyo ukikandamizwa kwa nguvu, pingili iliyokwishaliwa inaweza kubonyea na mtu akapooza. Dawa za TB nchini mwetu zinatolewa bure, kadi au bila kadi. Inauma kuona mtu akipoteza miguu kwa ugonjwa ambao tiba yake haiuzwi.

Na kuna dalili zisizosubiri asubuhi: ganzi sehemu za siri na matakoni, kushindwa kukojoa au kujikojolea bila kujua, miguu yote miwili kulegea. Hapo asichue mtu yeyote. Tafuta gari usiku ule ule.

4. Sindano za Kichina: andaa fedha taslimu

Tiba hii si ngeni kwetu. Madaktari wa China walifika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na katika vikundi vyao vya kupokezana wamekuwamo wataalamu wa sindano. Wazee wa Tabora na Musoma wanawakumbuka wakiwa kwenye hospitali za serikali. Siku hizi miji yetu mikubwa ina kliniki binafsi za tiba hiyo.

Sisi tulikwenda moja ya Mwanza. Tulipotoa kadi waliirudisha kwa adabu, wakatuonyesha bei ukutani. Baba Kulwa alilala na sindano nyembamba kama nywele zikiwa zimesimama kiunoni na nyuma ya magoti, akasinzia. Maumivu yalipungua, kisha yakarudi alipoanza tena kuinama vibaya. Sisemi tiba ile haifai. Nasema kwa mfuko wa mchimbaji, fedha ile ilikuwa na kazi nyingine.

Wenye kadi za kampuni binafsi, kama Jubilee au Strategis, ambazo waajiri huwakatia wafanyakazi wao, wasome mkataba wao, hasa ukurasa wa visivyolipiwa, kwa sababu kila mwajiri hununua kifurushi chake. Na popote unapolala kuchomwa sindano au kuchuliwa, uliza usajili. Tangu sheria ya mwaka 2002 tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na mwenye cheti chake haoni tabu kukionyesha.

5. Usisaini kabla ya kusoma

Bili ikienda moja kwa moja kwa Mfuko, shahidi pekee wa kilichofanyika ni mgonjwa. Kuna kliniki moja, jina naliacha, ambayo karani wake alinisukumia fomu akiwa ameweka kidole penye mstari wa saini, huku akizungumza na mtu mwingine. Niliivuta karibu nikasoma. Palikuwa na mazoezi ya siku ambazo mume wangu alikuwa nyumbani amelala. Nikamwambia, “Dada, hizi tarehe hatukuwepo.” Akasema ni utaratibu tu, kwamba mimi silipi chochote.

Ninalipa. Analipa mwalimu wa Bukombe, analipa muuguzi wa Nyang'hwale, kila mwisho wa mwezi. Nilikataa kusaini hadi alipofuta, na nikapeleka taarifa ofisi ya NHIF ya mkoa. Sikuhitaji elimu ya udaktari kufanya hivyo. Nilihitaji kalenda.

6. Piga simu kabla ya kupanda basi

Kituo kinachopokea kadi leo kinaweza kuacha kesho. Machi 1 mwaka 2024 NHIF ilianza kutumia kitita kipya cha bei. Hospitali binafsi zikasema bei hazikidhi gharama, na baadhi zikasitisha kuwahudumia wenye kadi. Tulikuwa katikati ya mazoezi. Tulihamia hospitali ya serikali, na kwa kuwa nilikuwa na nakala ya picha na maelezo ya mtaalamu wa kwanza, hatukuanza upya.

7. Mwajiriwa wa mgodi ana mlango wake

Aliyeumia akiwa kazini kwa mwajiri, iwe mgodi mkubwa au mkandarasi wake, ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Michango yake inatolewa na mwajiri peke yake, na matibabu pamoja na utengamao yamo. Taarifa itolewe ndani ya miezi 12. Msimamizi akikwambia useme umeanguka nyumbani, usikubali.

8. Mgongo uingie kwenye mgao

Maduarani hakuna mwajiri wa namna hiyo. Viroba vikitoka, kabla ya kugawana, hutolewa kwanza gharama: matimba, moko, mafuta ya jenereta, chakula, fungu la mwenye leseni. Gharama za kumtibu aliyebeba hazimo.

Kadi ya kuwakinga ilikuwepo: Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, CHF, ulikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, ukianzia zahanati na kwenda juu kwa rufaa hadi hospitali ya mkoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na ninaingoja kwa hamu iwafikie watu wa mashimoni. Lakini migongo inavunjika sasa. Nimelisema hili kwa Baba Kulwa na wenzake wakiwa uani kwangu wanakunywa uji: kabla ya mgao ujao, itengwe CHF ya kila aliyeshika kamba. Wawili walisema dhahabu haitabiriki. Mdogo wake aliuliza kadi inapatikana wapi, nami nikampeleka kwa mwandikishaji wa kijiji siku iliyofuata.