Mnunuzi Akirudi na Lawama



Siku hizi mtu hahitaji duka ili awe mfanyabiashara. Fundi huipiga picha drili yake ya zamani, huandika maneno mawili matatu, huyaweka katika mtandao, na kabla jua halijachwa mtu wa mji mwingine amekwisha peleka fedha kwa simu. Chombo hupakiwa katika basi, na muuzaji huhesabu kwamba biashara imekwisha. Siku ya tatu simu inalia: "Ndugu yangu, mashine uliyoniuzia imetoa moshi."

Hapo ndipo somo letu linapoanzia. Wewe uliyeingia katika Uislamu juzi, na wewe ambaye ungali ukiuchunguza, fahamuni kwamba mnunuzi huyu hajui umesali mara ngapi. Anachokijua ni jibu utakalompa sasa.

Jibu linalokuja upesi mdomoni ni hili: "Niliuza kitu kikuukuu, na mali ikiuzwa hairudishwi." Maneno hayo huandikwa katika stakabadhi nyingi, lakini hayaifuti dhambi ya kasoro iliyofichwa kwa makusudi. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu wanaitambua haki iitwayo hiari ya kasoro: mnunuzi akikuta katika mali aibu iliyokuwamo kabla ya kuuzwa, naye hakuijua wala hakuikubali, aweza kuirudisha na kudai fedha zake. Ukuukuu wenyewe si aibu. Aliuona katika picha na bei ilishushwa kwa ajili yake. Hata sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya na Tanzania, zenye asili katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, zataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Na aliyenunua kwa simu alikuwa na nini zaidi ya maelezo yako?

Basi kabla ya kujitetea, rudia kusoma uliyoyaandika. Kisha muulize kwa upole: ilitokea nini, alikuwa akitoboa nini, na aliichomeka wapi? Swali hili la mwisho si dogo. Katika viwanja vya ujenzi vya Uingereza hutumika vyombo vya volti 110, vyenye plagi ya manjano, vinavyopata umeme kupitia transfoma ili kupunguza hatari kwa wafanyakazi. Umeme wa majumbani mwetu ni volti 230 au 240. Chombo cha namna hiyo, mtu akikikata plagi na kukiunganisha moja kwa moja na umeme wa nyumbani, mota yake huungua upesi, ijapokuwa kilikuwa kizima kabisa. Je, uliandika "volti 110", au uliandika tu "imetoka Uingereza, imara sana"? Ukiwa uliliacha neno hilo, moshi ule una sehemu yako.

Lawama nyingine ni nyepesi. Cheche nyingi mara nyingi hutoka katika yale makaa mawili madogo yanayopeleka umeme kwenye sehemu izungukayo. Yakilika hubadilishwa kwa fedha kidogo. Hapo gharimia makaa, na huenda mnunuzi asitake kurudisha chochote. Betri iishayo nguvu baada ya mashimo matatu ni jambo jingine. Wewe uliyeitumia miaka kadhaa ulilijua hilo.

Imamu Ghazali ameeleza katika kitabu chake Ihya habari za sahaba Wathila bin al-Asqaa r.a. Ngamia aliuzwa kwa dirhamu 300 mbele yake, naye akili yake ilikuwa kwingine. Alipozinduka, mnunuzi alikuwa amekwisha ondoka na ngamia. Wathila akamkimbilia, akamwuliza kama alimnunua kwa ajili ya nyama au kwa kupanda. Akajibu, kwa kupanda. Basi akamweleza kwamba katika unyayo wa ngamia yule aliona tundu, na kwamba hataweza kuendelea na safari. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akapunguza dirhamu 100, huku akimlaumu Wathila kwa kumharibia biashara. Wathila akajibu kwamba walimwahidi Mtume s.a.w. kumtakia heri kila Mwislamu. Tazama swali lile: nyama au safari? Drili inayofaa kutoboa mbao yaweza kuwa haifai kabisa kwa zege. Na Wathila hakuwa hata mwenye ngamia!

Wengine husema, "Lakini umekwisha itumia." Mtume s.a.w. alikataza kumwacha mnyama bila kukamuliwa ili kiwele kijae na mnunuzi adanganyike. Aliyemnunua alipewa hiari hata baada ya kumkamua: amshike, au amrudishe pamoja na pishi ya tende. Kutumia, basi, hakukuiondoa haki yake. Grisi nzito iliyoshindiliwa ili kunyamazisha meno yaliyolika, na rangi mpya juu ya nyufa, zina tofauti gani na kiwele kile? Mwenye kufanya hivyo arudishe fedha zote na nauli ya basi ya kwenda na kurudi.

Yapo pia malalamiko yasiyo ya haki. Uliandika "volti 110" waziwazi, naye akapuuza. Hapo hudaiwi kitu, na kumwambia hivyo kwa adabu si ukatili. Hata hivyo, mwenye kukubali kuvunja biashara kwa ajili ya mnunuzi aliyejuta amesifiwa katika hadithi. Ni fadhila yako, si deni. Labda utakubali kuichukua mashine iliyoungua kwa thamani ya vipuri vyake. Mpatane kiasi, mwandike, na fedha zipelekwe siku hiyo hiyo, kabla hajalazimika kupiga simu mara ya pili.