Kikundi cha mazingira kisicho na mpishi

Shangazi, mimi ni mwalimu, nimepangiwa kazi huku Mwese, wilaya ya Tanganyika. Mwaka jana mimi na walimu wenzangu sita tulianzisha kikundi cha watumishi cha kutunza mazingira hapa kazini. Tulipanda miti, tukaweka mapipa ya taka, tukabandika tangazo jikoni kwamba kuni zinamaliza misitu. Kila mwezi tunachanga shilingi 5,000 na mimi ndiye ninayezitunza. Sasa mkuu wetu anasema tunamchongea kwa wakubwa. Miche imeliwa na mbuzi. Wenzangu wawili wameacha kuchanga na wananong'ona kuhusu pesa. Kibaya zaidi, tulikwenda mkutano wa kijiji kuhamasisha watu watunze msitu, mzee mmoja akasimama akauliza, "Mwalimu, mkaa unaopikia nyumbani kwako umetoka msitu gani?" Watu walicheka mpaka nikakaa chini. Tangu siku hiyo naitwa Mama Mazingira, na siyo kwa heshima. Nivunje kikundi? Niombe uhamisho?
Mwalimu, Mwese

Mwanangu,

Nianze na huyo mzee, maana naona amekuuma kuliko mkuu wako na mbuzi wote wa kata. Mwese ni kimojawapo cha vijiji vinane vya wilaya hiyo ambavyo misitu yao ya milima ya Ntakata imo kwenye biashara ya kaboni. Vingine ni Lwega, Bujombe, Kapanga, Katuma, Lugonesi, Kagunga na Mpembe. Vijiji hivyo vilikaa vikapanga ardhi yao: hapa tutalima, hapa tutachunga, hapa pasiguswe. Vijana wa kijiji wanafanya doria milimani kwa malipo. Msitu uliosalimika unapimwa, kiasi cha hewa ukaa ambacho hakikuachiwa angani kinauzwa nje kupitia kampuni ya Carbon Tanzania, na fedha zinaingia akaunti ya kijiji. Mkutano mkuu ndio unaoamua zijenge zahanati, madarasa, au zilipie kaya bima ya afya.

Basi huyo mzee pengine alishawahi kunyoosha mkono katika mkutano wa namna hiyo kukubali kwamba hatafungua shamba jipya mahali ambapo udongo wake ni mzuri na anaujua. Amejinyima. Halafu anasimama mtumishi mwenye mshahara, gunia la mkaa liko nyuma ya nyumba, anamfundisha kuupenda mti. Angenyamaza ningemshangaa. Sehemu kubwa ya sokwe wa Tanzania wanaishi nje ya hifadhi za Taifa za Gombe na Mahale, katika misitu kama hiyo ya kwenu, na wamesalia humo kwa sababu watu wa vijijini wamekubali kuiacha isimame. Semina ya walimu haikuhusika.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza: kikundi usikivunje, ila kitoke kwenye mkutano wa kijiji kirudi kazini kilikozaliwa. Kijiji kina kamati yake ya mazingira, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitambua. Mkihitajika mtaitwa.

Nikupe kisa cha mbali kidogo. Mwaka 1971, jijini Sydney huko Australia, akina mama wa kitongoji cha Hunters Hill walikuwa wanahangaika kuokoa kichaka kiitwacho Kelly's Bush, kampuni moja ikitaka kujenga nyumba pale. Wakaenda kuomba msaada kwa chama cha wafanyakazi wa ujenzi, ambacho katibu wake alikuwa Jack Mundey. Wajenzi hawakukurupuka. Waliwaambia akina mama waitishe kwanza mkutano wa wakazi, ijulikane kwamba wenye mtaa ndio wanaotaka. Mkutano ukafanyika, ukajaa, na baada ya hapo wajenzi wakatangaza kwamba hakuna mwanachama wao atakayeshika kazi pale. Kichaka kipo hadi leo. Ona walivyofanya mambo mawili: walisubiri waombwe na wenyeji, kisha wakatumia kile kilichokuwa mikononi mwao, yaani kazi yao wenyewe. Hawakubandika tangazo.

Ninyi mikononi mwenu mna nini? Umeandika barua ndefu (nimeifupisha, unisamehe) na humo umetaja walimu saba. Mpishi hayumo. Mlinzi hayumo. Anayefagia na kuchoma taka hayumo. Mmebandika tangazo kwenye jiko la mtu ambaye hamkumuuliza hata siku moja anapikaje! Mwanangu, huyo ndiye mtaalamu wenu wa nishati, na angepaswa kuwa mwenyekiti.

Nenda ukakae naye asubuhi moja tangu anapowasha moto. Usiende na daftari siku hiyo. Utaona kama anapewa kuni mbichi zinazotoa moshi saa nzima kabla ya kushika. Utaona kama sufuria la maharage lina mfuniko au linafunikwa na kipande cha bati kilichopinda. Utaona macho yake. Kisha muulize yeye angetaka nini kibadilike. Nakisia atakutajia vitu visivyohitaji mfadhili: maharage yalowekwe usiku ili yaive upesi, kuni ziletwe mapema zikauke chini ya paa, mfuniko unaokaa sawasawa. Hivyo vitatu peke yake vitapunguza mzigo wa kuni, na havimwudhi mtu. Jiko sanifu lenye bomba la kutolea moshi lije baadaye, mkiwa na hesabu.

Na hesabu ndiyo dawa ya mkuu wako. Sasa hivi akisikia "kuni" anasikia "mkuu ameshindwa kazi", kwa sababu Serikali ilishaelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na mwezi Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa miaka kumi unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Yeye anajua agizo lipo, anajua pia gesi kufika Mwese na barabara ile ya masika ni habari nyingine, na fungu hana. Tangazo lenu linamkumbusha deni asiloweza kulipa, mbele ya wageni. Mimi ningekuwa yeye ningelibandua.

Mpishi na mtunza stoo waandike kwa mwezi mmoja: mizigo mingapi imeingia, imenunuliwa au imeletwa na nani, imepikia watu wangapi. Mwezi wa pili mfanye yale matatu, waandike tena. Tofauti ikionekana, mpelekee mkuu karatasi moja ofisini kwake, mkiwa wawili, mmoja wenu awe mpishi. Nakala kwa Mkurugenzi wa Halmashauri msiweke. Mwachieni yeye aipeleke juu kwa jina lake na aombee fedha za jiko. Akitaka kuiandika kwenye PEPMIS, ule mfumo wa Serikali wa kupima utendaji wa watumishi, kama kazi yake ya robo mwaka, aandike. Najua itakuchoma. Lakini ulitaka kuni zipungue au ulitaka kupongezwa? Wengi wanaoanzisha vikundi maofisini hawajajijibu swali hilo, na ndiyo maana vinakufa baada ya picha za tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani.

Mbuzi nitawapitia haraka. Mlipanda miche mingi bila uzio wakati kiangazi kinakaribia, mbuzi wakafanya kazi yao. Safari hii pandeni michache mvua zinapoanza, muizungushie miiba, na kila mche uwe na mtu wake.

Pesa sasa, na hapa nitakuwa mkali. Hujasema umekula, nami sidhani. Lakini pesa ya watu saba inalala kwenye simu yako, hakuna aliyechaguliwa kukukagua, na hamjaandika mnachangia kitu gani hasa. Hata malaika angenong'onwa. Wiki hii kaa na hao wawili walioacha, uwaonyeshe miamala yote kwenye simu, wasome wenyewe. Wakitaka chao kilichobaki, wape. Kisha mmoja wao awe mweka hazina. Ndiyo, hao hao wanaonong'ona. Shilingi 5,000 nazo mzipunguze, la sivyo mpishi hataweza kuingia na tutarudi tulikotoka.

Kuhusu uhamisho, ukiomba kwa sababu ya mume, mtoto au afya, nitakuunga mkono. Kwa sababu ya kuchekwa mkutanini, hapana; na huko utakakohamia kuna jiko la kuni pia. Mtafute yule mzee, siku isiyo ya mkutano, umpelekee jibu la swali lake. Mkaa wako umeununua kwa nani, na yeye anauchoma wapi? Kama hujui, muulize muuzaji kwanza. Halafu umwombe mzee akuonyeshe mti gani wa huko unavumilia mbuzi.