Geuza kitofali kabla hujalipa

Ukisimama mbele ya meza ya muuza midoli, cha kwanza utakachooneshwa ni picha ya boksi: ngome, gari la zimamoto, roketi, askari mwenye kofia ya chuma. Picha isikushughulishe. Omba kitofali kimoja, kigeuze juu chini, ukitazame tumboni. Kile chenye vinundu 8 mgongoni, viwili kwa vinne, kinatakiwa kuwa na vibomba 3 vya mviringo ndani. Hivyo vibomba ndivyo vinavyobana vinundu vya kipande cha chini yake. Kama havipo, au kuta zake ni nyepesi kama karatasi, nyumba ya mtoto itaachia akiinyanyua tu, na siku ya tatu vitofali vitakuwa chini ya kitanda vinakanyagwa.

Hata walioanzisha vitofali hivi ilibidi wajifunze jambo hilo. Ole Kirk Kristiansen, seremala wa Billund nchini Denmark, alianza kuchonga midoli ya mbao mwaka 1932. Kampuni yake, LEGO, ilitoa vitofali vya plastiki mwaka 1949, ikifuata mfano wa Mwingereza aitwaye Hilary Page. Vile vya mwanzo vilikuwa vitupu ndani kama boksi la kiberiti, vinapangika lakini havishikani. Tarehe 28 Januari 1958 mwanawe, Godtfred, aliomba hataza ya vibomba vya ndani. Vipimo havijabadilika tangu hapo, kiasi kwamba kitofali cha mwaka ule kinaingia bila shida kwenye kilichotoka kiwandani mwaka huu.

Sisi wa Isongole, Tanzania, tuliozoea kuona tanuru za tofali za kuchoma, tunalielewa hili upesi. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi uliwahi kuhimiza matofali ya kufungamana, yale ya udongo na saruji kidogo yanayoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa. Nayo yana sehemu iliyotokeza na sehemu iliyobonyea, moja linaingia ndani ya jingine, na udongo wa kuunganishia unapungua sana. Kitofali cha mtoto na tofali hilo la ukutani vinafuata wazo moja.

Vipimo vya kwenda navyo sokoni

Vitofali vipya na vya mtumba utavikuta kwenye meza moja, vyenye majina mengi usiyoyajua. Jina lisikutishe wala lisikuvutie, chukua rula ya mwanafunzi. Kwenye vitofali vya kipimo cha LEGO, umbali kutoka katikati ya kinundu hadi katikati ya kinundu kinachofuata ni milimita 8. Kwa hiyo vinundu 10 vilivyo kwenye mstari mmoja huchukua sentimita 8. Urefu wa kitofali kwenda juu, bila kinundu, ni milimita 9.6. Kipande bapa ni milimita 3.2, yaani bapa 3 zikipandishwa zinalingana na kitofali kimoja. Zipo kampuni nyingine zinazotengeneza vitofali kwa vipimo hivihivi, na vikiwa vimetengenezwa vizuri vitashikana na vya LEGO. Visivyolingana vitakuwa mzigo, maana mtoto atakuwa na makundi mawili yasiyooana.

Ukiwa tayari na vitofali nyumbani, tia kimoja mfukoni kila uendapo mjini Tunduma. Mbele ya muuzaji kipachike kwenye chake. Panga vinne, shika cha juu peke yake, tikisa. Vikibaki vimeshikana, tenganisha kwa vidole. Ikiwa wewe mtu mzima unatafuta meno, mtoto wa miaka 5 hatafanikiwa. Kisha nusa. Plastiki yenye harufu kali kama ya petroli au rangi mbichi iache hapohapo. Pitisha kidole kwenye kingo, ukali wowote ni dalili kwamba kalibu imechoka.

Nunua vipande, usinunue picha. Nasisitiza hapa kwa sababu pesa nyingi hupotea kwenye kosa hili. Boksi lenye joka kubwa lililotengenezwa kwa vipande vikubwa vya umbo la pekee litajengwa mara moja, litawekwa juu ya kabati, basi. Boksi la bei hiyohiyo lenye vitofali vya kawaida vya 2 kwa 4 na 2 kwa 2, vipande bapa, magurudumu na ekseli zake, milango, madirisha na vipande vya mshazari vya kuezekea paa litajengwa leo nyumba, kesho lori, keshokutwa daraja la Mto Songwe. Vitofali 2 vya vinundu 8 vya rangi moja vinaungana kwa namna 24. Vikiwa 3, namna 1,060. Vikifika 6, wanahisabati wa Denmark wamehesabu namna 915,103,765. Mtoto mwenye vitofali 60 vya kawaida ana kazi ya miaka.

Vinavyoweza kudhuru

Aliye chini ya miaka 3 asipewe vitofali vidogo, hata akiwa mwerevu namna gani, hata kaka yake akiwa pembeni. Kwa umri huo vipo vitofali vikubwa vya aina ya Duplo, vilivyotoka mwaka 1969. Kila upande wake ni mara mbili ya kitofali cha kawaida, hivyo haviingii kooni. Kwa kipimo cha nyumbani, chukua bomba la katikati la karatasi ya chooni. Kipande chochote kinachopita humo hakimfai mtoto wa umri huo. Kichwa cha kisanamu cha mtu kinapita, gurudumu dogo linapita, kofia inapita. Watengenezaji wenyewe wamekitoboa kichwa cha kisanamu kwa juu ili kikinasa, hewa ipate njia.

Mtoto akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, usitie kidole kinywani kutafuta usichokiona. Kikohozi kikikatika na akashindwa kulia wala kuvuta hewa, mwinamishe mbele umpige kwa kiganja mara 5 kati ya mabega. Kisipotoka, na ametimiza mwaka, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta ndani na juu kwa nguvu mara 5, kisha rudia makofi. Aliye chini ya mwaka hakamuliwi tumbo. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara 5, mgeuze, bonyeza katikati ya kifua mara 5. Mwenzako awe anatafuta usafiri wakati huohuo.

Seti zenye taa au sauti zichunguzwe zaidi. Betri bapa ya duara kama kitufe ikimezwa inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2, hata ikiwa imeisha nguvu za kuwasha taa. Hakikisha kifuniko chake kimefungwa kwa skrubu. Ukihisi mtoto amemeza, usimtapishe, usisubiri itoke yenyewe, mpeleke hospitali sasa hivi na uwaambie ni betri. Sumaku ndogo nazo ni hatari, kwa kuwa mbili zikimezwa huvutana tumboni na kuutoboa utumbo uliobanwa katikati.

Vya mtumba vioshwe kabla havijaguswa. Maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, sabuni, mswaki wa zamani kwa ajili ya vumbi lililoganda kwenye vibomba. Usivichemshe, vitapinda na havitabana tena. Anika kivulini juu ya kitambaa, vikitazama chini ili maji yatoke. Jua la siku nyingi hugeuza vyeupe kuwa manjano na vya rangi kuchujuka.

Kutunza nyumbani na darasani

Mtandikie mtoto kitenge cha zamani sakafuni na umwambie mchezo wote uishie juu yake. Akimaliza, kusanya pembe nne, nyanyua, mimina kwenye ndoo. Vipande vinavyopotea Isongole vinapotelea uani na kwenye ufagio, havipotei kwa wizi.

Vikizidi mia mbili, vichambue. Wengi huchambua kwa rangi, na ni kosa. Kipande chekundu chembamba ndani ya lundo jekundu hakionekani. Chambua kwa umbo: vitofali huku, bapa huku, magurudumu huku, visanamu na vifaa vyao kwenye kopo lenye kifuniko. Trei ya mayai inafaa sana kwa vile vidogo kabisa. Bapa mbili zilizogandana usizitie meno wala kisu, pachika kitofali kirefu juu ya bapa ya juu, kingine chini ya ile ya chini, kisha vipinde kwa kuvitenganisha kama unavunja kijiti.

Mwalimu wa darasa la awali mwenye wanafunzi wengi na boksi moja asigawe kipande kimoja kimoja kwa kila mtoto. Awaweke wanne wanne na kila kundi lipewe rundo lake na swali: jengeni ukuta usioanguka, mrefu kuliko mkono wenu. Wataugundua wenyewe ukweli anaoujua kila fundi wa kijijini, kwamba kiungo kisikae juu ya kiungo. Ukuta uliopangwa mistari iliyonyooka hupasuka katikati kama mlango, ule uliopishanishwa husimama. Wala si lazima vifaa vitoke dukani. Shirika la BRAC lilipoanzisha vituo vya kucheza vya Play Lab mwaka 2015 katika Tanzania, Uganda na Bangladesh kwa msaada wa LEGO Foundation, vifaa vingi havikuwa vya kiwandani. Vilitengenezwa kwa vitu vilivyopatikana pale watoto walipo.

Nasi tunaweza kufyatua matofali madogo ya udongo. Droo ya ndani ya boksi la kiberiti ni kalibu tosha. Nyunyiza majivu makavu, shindilia tope la mfinyanzi lisilo na mawe, sawazisha kwa kijiti, pindua. Acha siku 2 kivulini, kisha juani. Yakichomwa kwa moto wa kuni yanadumu, yasipochomwa yanafaa muhula mmoja. Hayabani, ni kweli, lakini yanapishanishwa, na watoto watapima, watahesabu na kubishana kwa faida.

Watu wa ndani ya nyumba

Kisanamu tunachokijua, chenye mikono ya kuzungusha na miguu ya kukaa, kilitoka mwaka 1978 kwa ubunifu wa Jens Nygaard Knudsen. Kina urefu wa sentimita 4 hivi. Kiliwekewa uso wa manjano usio wa taifa lolote, nukta mbili na tabasamu. Mwaka 1989 maharamia walileta ndevu na macho yaliyozibwa. Mwaka 2003 visanamu vya wachezaji wa kikapu wa NBA vilipewa rangi za ngozi za watu halisi, na mwaka 2016 akaja kijana kwenye kiti cha magurudumu, pamoja na mtoto mchanga mdogo asiyepinda popote.

Lakini mama wa Isongole aliyembeba mtoto mgongoni hayumo kwenye boksi lolote nililowahi kufungua, na naona ni vizuri watoto wetu wamtengeneze. Shingo ya kisanamu ni kijiti chembamba kinachokaa kati ya kiwiliwili na kichwa, na chochote chenye tundu kinaweza kuvikwa hapo. Ng'oa kichwa. Kata kipande cha kitenge upana wa kiwiliwili, toboa tundu la unene wa mrija wa wino wa kalamu, kivike shingoni kishuke mgongoni, rudisha kichwa. Ushanga mkubwa uliofungwa ndani ya kitambaa hicho ni mtoto tayari. Kiganja nacho hushika kitu chenye unene wa milimita 3, sawa na kijiti cha mshikaki. Kata sentimita 2 za kijiti, gundisha ncha ya kopo lililokatwa na kusuguliwa makali, umepata jembe. Kipande cha karatasi ngumu ya mviringo kinakuwa mwavuli, na huku kwetu mvua inajulikana.

Asiye na kisanamu kabisa achonge cha mbao laini ya paini: upana milimita 16, unene milimita 8, urefu sentimita 4. Chini ya nyayo toboa matundu 2 ya milimita 5, katikati ya moja hadi katikati ya jingine pawe milimita 8, kina kifupi tu. Kitasimama juu ya vinundu vya kitofali chochote cha kipimo kile, maana kinundu kina kipenyo cha milimita 4.8. Toboa matundu kwanza, mti ukiwa bado mnene, ndipo uchonge kiuno na mabega. Ukianza kwa kuchonga, keekee itaupasua.