Biva na Bwawa Lake: Somo la Vitendo kwa Watoto Wadogo

Nchini Kanada, ambako biva ni nembo ya taifa tangu mwaka 1975, watoto wa chekechea hufundishwa mapema habari za mgugunaji huyu wa majini. Aghalabu hupewa karatasi na gundi ili watengeneze mkia wake mpana. Kazi hiyo hupendeza, lakini huweza kumwachia mtoto dhana potofu kwamba mkia ni mwiko wa kukandikia udongo. Kwa hakika biva hubeba tope kwa mikono, akilibana kifuani. Mkia humfaa katika kuogelea, kuweka akiba ya mafuta ya mwili, na kupiga maji kwa kishindo ili kuwaonya wenziwe.

Zoezi lenye manufaa zaidi ni kujenga bwawa lenyewe. Mwalimu atwae sinia lenye kina, atandaze udongo wa mfinyanzi, achimbe mfereji katikati, kisha aliinue sinia kidogo upande mmoja. Ndani ya mfereji kiwekwe kibanda kidogo cha udongo chenye tundu la mlango karibu na sakafu. Watoto wapewe vijiti, majani, changarawe na tope, wajenge ukuta upande wa chini wa kibanda, na maji yamiminwe polepole kutoka juu. Wasisaidiwe upesi mno: anayepanga vijiti vitupu huona mwenyewe maji yakipenya, naye hulitafuta tope bila kuambiwa.

Bwawa likijaa, mlango wa kibanda hufunikwa na maji. Hapo mwalimu aulize mbwa-mwitu atapita wapi. Baadaye atoboe ukuta. Maji yatashuka, na mlango utaonekana wazi. Watoto watafahamu kwamba biva haishi ndani ya ukuta, kama wengi wadhanivyo, bali huujenga ili kuilinda nyumba yake. Kina hicho humfaa pia wakati wa baridi kali, kwani maji ya juu yakigeuka barafu, yeye hupita chini kuyafuata matawi aliyoyahifadhi.

Tundu lile lisizibwe mara moja. Lars Wilsson, mtafiti wa Uswidi aliyewachunguza biva katika miaka ya 1960, aliwasikilizisha sauti ya maji yatiririkayo kwa kipaza sauti, nao wakaanza kujenga palipotoka sauti. Basi watoto nao wafumbe macho, wasikilize, na waoneshe kwa kidole mahali panapovuja.