Vimbunga vya Baharini na Mvua za Mbulu na Hanang

Mkulima wa Bashay yuko mbali sana na pwani, lakini mvua ya shamba lake hutoka baharini. Kwa hiyo yampasa ajue habari za bahari kama ajuavyo udongo wake.

Kimbunga huzaliwaje? Maji ya bahari yakifikia joto la nyuzi 26 na nusu hivi, mvuke mwingi hupanda na kuwa mawingu, na upepo huanza kuzunguka. Lakini upepo wa juu ukipita kwa kasi nyingine na ule wa chini, kimbunga huvunjika kabla hakijakua. Katika upande wetu wa Bahari ya Hindi, msimu wake ni Novemba hadi Aprili. Vingi huelekea Madagaska na Msumbiji. Vichache hufika kwetu, kama kile cha Lindi mwaka 1952, na Hidaya kilichofika Mafia Mei 2024.

Hata kimbunga cha mbali huweza kukudhuru. Machi 2019 Kimbunga Idai kilivuta unyevu kuelekea Msumbiji, na masika yakachelewa Afrika Mashariki. Basi usimalize mbegu yote kwa manyunyu ya kwanza.

Joto la bahari hutawala vuli pia. Bahari ikiwa na joto kupita kawaida upande wetu, hasa mwaka wa El Nino, vuli huwa kubwa, kama 1997 na 2023. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Hicho hakikuwa kimbunga. Ilikuwa mvua kubwa juu ya mteremko. Bahari ikipoa upande wetu, kama 2022, vuli hupungua.

Basi fanya hivi:

1. Kabla ya Oktoba, sikiliza redioni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

2. Ikitabiriwa mvua nyingi, tengeneza mapema matuta ya kukinga maji, yakikata mteremko. Zibua mifereji. Usilime wala kujenga katika mkondo wa maji.

3. Ikitabiriwa mvua chache, panda mbegu zinazokomaa upesi, pamoja na mtama, na uweke akiba ya chakula.

Bahari huwezi kuizuia, lakini tuta waweza kulichimba. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.