Lamar Jackson: kwa nini asingeacha kimoja

Wenzangu, katika futiboli ya Kimarekani yupo kwotabeki: anapokea mpira shambulizi linapoanza na kuamua uende wapi. Kwa kawaida akishaukabidhi kwa mkimbiaji hana hatari tena, hivyo walinzi 11 wanakabana na watu 10. Lakini kama naye ana mbio, hapo sasa ni 11 kwa 11, na mlinzi hajui amfuate nani.

Lamar Jackson wa Chuo Kikuu cha Louisville alikuwa na vyote. Msimu wa 2016 alitupa pasi 30 za kufunga, akakimbia na kufunga mwenyewe mara 21, akabeba tuzo ya Heisman akiwa na miaka 19 tu.

Mwaka 2018, akielekea ligi ya kulipwa, wapo waliomshauri ahamie nafasi ya kupokea pasi. Jamaa akagoma. Baltimore Ravens wakamchukua akiwa wa 32, wa mwisho raundi ya kwanza. Msimu wa 2019 alikuwa mchezaji bora kwa kura zote 50.

Nasi tukiambiwa "shika kimoja", naona tuulize kwanza: je, hivi viwili vinasaidiana? Kwa Jackson, mbio ndizo zilizoifungulia pasi njia.